Mkono Baridi wa Kokubanza

1

Rubisi ya Kokubanza, pombe yake ya ndizi, haikuwahi kuchacha, na kilima kizima cha Rushenyi kilijua hivyo. Ndizi zake ziliiva shimoni kama za wenzake, zikakanyagwa ndani ya bwato, lile gogo refu lililochongwa, zikatiwa mtama uliokaangwa na kufunikwa majani. Kesho yake, mabwato ya jirani yalipokuwa yakitoa povu na kunguruma kama tumbo la ng'ombe, la kwake lilikuwa limetulia, tamu tupu, kinywaji cha kunyweshea watoto. Zamani alikuwa akikanyaga mumewe. Mume alipofariki, akaja kukanyaga shemeji. Miguu ilibadilika, rubisi haikubadilika. Basi lawama ikaangukia mkono uliotia mtama. Watu wakamwita Mkono Baridi. Akipeleka kibuyu chake harusini walikipokea kwa mikono miwili, wakakiweka nyuma ya mlango.

Kwa hiyo kinusio cha shambani kwake, kile chombo cha kunusa maradhi ya migomba, kilipolia Jumanne asubuhi, hakuna aliyeshangaa sana. Walishusha majembe, wakasikiliza, wakatazamana.

Kemilembe alifika kabla ya saa nne. Yeye ndiye aliyekuwa msomahewa wa vilima vitatu vya upande ule, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwenye mwendo wa mtu anayehesabu hatua. Mkobani alikuwa na kisu, sahani kumi na mbili za kioo, na muhuri. Watu walimsalimia yeye na kuutazama mkoba.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu," Kokubanza alisema kutoka mlangoni. "Umekuja na kiberiti au umekuja na macho?"

"Macho kwanza, Bibi. Kiberiti hakina haraka."

"Hata kwa baba yako hakikuwa na haraka." Papo hapo kikongwe akajiziba mdomo. "Nisamehe, waitu. Ulimi wa mzee hauna mlango."

"Si neno, Bibi. Ni kweli."

Kinusio kilining'inia katikati ya migomba, kikubwa kama kibuyu cha maji, kikiwa na nyuzi zake nyembamba zinazotikisika kwa pumzi tu. Majani hupumua, na kila maradhi yana harufu yake. Pua ya mtu haiipati, kinusio huipata siku kumi kabla jani la kwanza halijageuka rangi. Kemilembe alifuta vumbi kwenye kioo chake akasoma. Alizoea kukuta neno moja kati ya mawili, SALAMA au MNYAUKO. Safari hii palikuwa na maneno ambayo katika miaka kumi na tisa ya kazi hakuwahi kuyaona: KUVU ISIYOJULIKANA.

Sheria haikuwa na utata juu ya hilo. Kuvu isiyojulikana ilihesabiwa kuwa mnyauko. Msomahewa alitakiwa apige muhuri, na shamba lichomwe kabla jua la tatu halijazama. Sheria hiyo iliandikwa kwa sababu ya Kaijage, babake Kemilembe, aliyekuwa msomahewa kabla yake. Kaijage alimhurumia mwenye shamba mmoja akampa siku tatu azidi kidogo kuishi na migomba yake. Katika siku tatu hizo mnyauko ulivuka vilima vinne. Kati ya vilima arobaini vya wilaya, sasa vilibaki kumi na kimoja vyenye migomba, na watu walikuwa bado wakisema, mtu akichelewa jambo, "Huyo anakula siku tatu za Kaijage."

Hakuupiga muhuri bado. Alianza kusoma shina kwa shina, kama alivyojifundisha mwenyewe kabla chuo hakijampa cheti: anachana ganda la nje, anatazama ndani, anaandika. Mashina ya Kokubanza yalikuwa meupe kama mkate wa mchele. Alichana thelathini na manne, yote meupe.

Ukingoni, kwenye mfereji uliotenga shamba lile na la Mzee Bashange, alisimama. Ng'ambo, migomba mitatu ya Bashange ilikuwa imeangusha majani yake ya manjano, yakalala kandokando ya shina kama sketi kuukuu. Kemilembe alivuka akachana mmoja. Ndani kulikuwa na pete za rangi ya kutu. Mnyauko.

"Mzee Bashange!" aliita. "Kinusio chako kiko wapi?"

Bashange ndiye aliyekuwa mtengeneza rubisi mkuu wa kilima, na ndiye aliyebuni lile jina la Mkono Baridi. Alitokea akijifuta mikono. "Kipo, kipo. Nimekiweka mahali pa heshima."

Mahali pa heshima palikuwa juu ya bwato lake, bandani, katikati ya mvuke wa rubisi iliyokuwa ikichemka povu. Kemilembe alikitazama kioo. Herufi zilikuwa zikicheza huku na huku bila kujipanga.

"Kimelewa," alisema.

"Kidogo," Bashange alikubali.

"Tangu lini?"

Mzee aliangalia vidole vya miguu yake. "Tangu ule wa kwanza uliponyauka. Wiki tatu. Ningefanyaje, waitu? Baba yangu amelala chini ya migomba ile."

Kemilembe hakupandisha sauti. Alirudi kwenye mfereji ule, akapima. Toka mgomba mgonjwa wa Bashange hadi mgomba wa kwanza wa Kokubanza palikuwa na hatua nne, na maji yalikuwa yakiteremka toka kwa mzee kwenda kwa kikongwe. Wiki tatu maji yalikuwa yameteremka. Mnyauko huhitaji siku sita.

Aliketi juu ya jiwe muda mrefu. Kisha akamwendea Kokubanza.

"Bibi, naomba nionje rubisi yako."

"Nawe umekuja kunicheka?"

"Sicheki, Bibi. Naomba."

Ilikuwa ya tangu juzi, tamu kama imekamuliwa sasa hivi, bila tone la povu. Kemilembe aliishika kinywani, akameza polepole. Chachu inayochachua rubisi nayo ni kuvu, ndogo isiyoonekana. Miaka yote ile kilima kilikuwa kikiuliza kwa nini rubisi ya mama huyu haichachi. Hakuna aliyeuliza ni nini kinachoiua chachu.

2

Sahani za Kemilembe zilikuwa na ukuta mfupi katikati. Upande mmoja alipanda uchafu wa kutu kutoka kwenye mgomba wa Bashange. Upande wa pili aliweka kipande cha shina: sahani sita kipande cha kwa Kokubanza, sahani sita kipande cha shina zima la kilima kingine. Vitu viwili visigusane, ila hewa iweze kuvuka. Akazifunga zote ndani ya kisanduku cha joto, ambamo siku tatu hukimbizwa zikawa moja.

Jumatano asubuhi alizipanga juu ya meza ya Kokubanza. Sahani sita zilikuwa zimeota manyoya ya mnyauko mpaka ukutani. Sita nyingine zilikuwa safi kama zimeoshwa.

Alizihesabu mara tatu, kisha akampigia Rwekaza, mkuu wa wasomahewa mjini.

"Kuna kitu kinaishi ndani ya mashina haya, Mkuu. Kuvu. Haiuumizi mgomba. Inalipa kodi ya nyumba: inatoa hewa inayoua kuvu wenzake. Miaka yote iliitoa kidogo; maji yenye mnyauko yalipofika, ikaitoa nyingi hata kinusio kikaipata."

"Kemilembe." Rwekaza alikuwa mtu wa sauti ya taratibu. "Umepiga muhuri?"

"Bado."

"Leo siku ya pili."

"Najua leo siku ya ngapi. Mimi ni mtoto wa nani?"

"Sikulitaja hilo," Rwekaza akasema.

"Nimelitaja mimi, ili lisitukae kooni."

"Basi fanya hivi. Nikatie vipande, vifunge, viletwe mjini. Shamba lichomwe kama sheria inavyotaka. Dawa tutaikuza huku."

"Nimejaribu. Kipande cha jana leo hakina nguvu, nimekipima. Inaishi ndani ya mgomba ulio hai, na mgomba huu ukipandikizwa, mche unaondoka nayo. Nje ya hapo inakufa, na sheria hairuhusu mche utoke kwenye shamba la kuchomwa. Tukichoma, tumeichoma yote."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, vilima kumi na kimoja vitaisha, na watu watakuwa na msemo mpya."

Rwekaza alivuta pumzi. "Nitakuja mwenyewe kesho, na vichomaji. Kama sina cha kuona, nitapiga muhuri mimi. Usinichukie."

"Sitakuchukia, Mkuu. Njoo na macho tu."

Alipoweka simu, Kokubanza alikuwa akimtazama. "Kwa hiyo mkono wangu hauna neno?"

"Haukuwahi kuwa na neno, Bibi."

Kikongwe aliinuka akaenda kukaa kwenye kaburi la mumewe, pale nyuma ya nyumba chini ya mgomba mkubwa kuliko yote, akazungumza nalo kwa sauti ya chini. Kemilembe hakusikiliza. Alikuwa na mzigo wake. Njia rahisi ilikuwa mbele ya macho: machipukizi ishirini, usiri kidogo, jamaa wawili watatu wa kuaminika. Kesho shamba lingechomwa na dawa ingekuwa imekwisha ondoka. Lakini kuvu hii ikishaingia mashambani, hakuna wa kuitoa tena. Na kila shamba litakaloipokea rubisi yake itakuwa ya Mkono Baridi. Vilima hivi vilioa kwa rubisi, vilizika kwa rubisi, viliomba msamaha kwa rubisi. Je, mtu mmoja mwenye mkoba ana ruhusa gani ya kuwaokolea watu migomba na kuwanyang'anya kinywaji, wao wakiwa hawajaulizwa? Babake aliamua peke yake. Huenda kosa lake halikuwa zile siku tatu. Huenda lilikuwa ule upweke.

"Kesho asubuhi naita baraza," alimwambia Kokubanza aliporudi. "Nitawaambia yote. Hata la rubisi."

"Watakupiga."

"Wazee hawana mbio."

Kokubanza alicheka kwa mara ya kwanza. Akabandika chungu cha juisi yake jikoni, akoroge uji, maana mgeni wake alikuwa hajala tangu jana. Kemilembe alikuwa amekitundika kinusio mlangoni ili asafishe nyuzi zake. Juisi ilipoanza kuchemka, kinusio kililia kwa nguvu hata kuku wakatawanyika.

Kikongwe alirukia mwiko. "Nimefanya nini tena?"

"Usiondoe chungu! Kiache."

Kililia dakika saba. Mvuke ulipaa, ukapita dirishani. Kisha mlio ukafifia, ukakoma. Kwenye kioo palisomeka SALAMA.

Kemilembe alibaki ameshika kitambaa cha kufutia. Kinusio hunusa hewa tu. Kwa hiyo kilichokuwa kikiua chachu kilikuwa hewa iliyoyeyuka ndani ya juisi. Na hewa, ukiipasha moto, huondoka. Hapo hapo chunguni palikuwa pamebaki juisi tupu.

"Bibi," alisema taratibu, "hivi kuna mtu yeyote aliyewahi kuchemsha juisi kabla ya kuitia mtama?"

"Kuchemsha rubisi? Nani mwendawazimu huyo? Mama yangu angenifukuza."

"Leo tuwe wendawazimu wawili."

Waliipoza kwenye beseni, wakaitia kwenye bwato lililosuguliwa kwa maji ya moto, wakaweka mtama. Ilibaki chachu. Kemilembe alivuka mfereji kwenda kwa Bashange.

"Mzee, naomba kikombe kimoja cha machicha yako."

"Cha nini?"

"Cha Kokubanza."

Bashange alitazama ng'ambo, akatazama migomba yake mitatu, akakinga kikombe hadi kikafurika. "Kitakufa kama vyote," alisema, ila alikibeba mwenyewe hadi mferejini.

3

Alhamisi, jua lilipokuwa limepanda sawasawa, uwanja wa Kokubanza ulijaa. Vichomaji viwili vilisimama barabarani kwa miguu yao sita sita, mabomba yakielekea shambani. Rwekaza alikuwa mtu mnene aliyevaa kofia ya majani. Alizishika sahani kumi na mbili moja moja, akazipeleka juani, akazirudisha bila neno.

Kemilembe aliwasimulia watu yote kwa mpangilio: kuvu, hewa, sahani, miche. Halafu akawaambia la rubisi.

Kelele zilizozuka hazikuwa za mtu mmoja.

"Tutawaoza binti zetu kwa nini, kwa chai?"

"Mimi nikifa mnizike na soda?"

"Basi pombe bila ndizi mtaitengeneza kwa nini, kwa mawe?" mwanamke mmoja aliwajibu, na kina mama wakaguna kwa kukubali. "Acheni wanangu wale matoke. Kulewa mtalewa njaa?"

Kelele zilipopungua, Bashange aliinuka. Alivua kofia.

"Nina langu la kusema kabla sijalisemea la mwingine. Mnyauko uko kwangu. Wiki ya tatu hii. Kinusio nilikitundika juu ya bwato kikalewa, na mimi nikanyamaza." Alinyoosha mkono kumwelekea Kokubanza. "Maji ya shamba langu yanapita kwa huyu mama. Angetakiwa awe amekwisha. Mimi niliyemwita Mkono Baridi miaka ishirini na sita ndiye niliyemletea kifo mlangoni, na kifo hakikuingia. Nichomeeni mimi leo. La kwake liacheni."

Hakuna aliyempigia makofi, na hakuna aliyemzomea. Rwekaza alimtazama Kemilembe.

"Sheria inasema kuvu isiyojulikana," alisema. "Sasa hii inajulikana?"

"Inajulikana inachofanya. Jina haina."

"Na hili la rubisi, umesema ukweli wote?"

"Bado kipande kimoja, Mkuu. Kilikuwa hakijaiva." Aligeuka. "Bibi, tufungulie bwato."

Kokubanza alitembea hadi kwenye banda akifuatwa na uwanja mzima. Hakuwa na haraka. Alishika majani ya kufunikia, akasita, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyofukuzwa. Halafu akayavuta.

Kwanza walisikia. Ulikuwa mngurumo mdogo, kama paka aliyeshiba. Kisha wakaona povu, la rangi ya mchanga, likipanda na kupasuka, likipanda na kupasuka, toka ncha moja ya bwato hadi nyingine.

Kokubanza aliinamisha uso juu yake akabaki hivyo. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Mpeni Bashange," alisema bila kuinuka. "Yeye ndiye hakimu wetu."

Walimpa kwenye kibuyu kidogo. Mzee alinusa, akatia kinywani, akafumba macho. Kemilembe, ambaye tangu Jumanne hakuwa ameogopa waziwazi, sasa aliushika ukingo wa bwato.

"Haijakomaa," Bashange alisema. "Inataka siku nyingine moja." Akafumbua macho, yamejaa maji. "Lakini imechacha. Mama, imechacha!"

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika hadi kilima cha pili, ambako watu waliweka majembe chini wakidhani kuna bwana harusi. Mtu alianza kuimba, wengine wakadakia. Rwekaza alikwenda barabarani akagusa kichomaji cha kwanza, kikakunja miguu na kulala chini. Akagusa cha pili, akakiacha kimesimama.

"Hiki kina kazi kwa Mzee," alimwambia Kemilembe kwa sauti ndogo. "Samahani."

"Anajua. Ameomba mwenyewe."

"Na muhuri wako?"

Kemilembe aliutoa mkobani. Kwenye daftari la wilaya, pale palipoandikwa KUVU ISIYOJULIKANA, kulikuwa na nafasi ya jina. Alimwendea Kokubanza na kalamu.

"Imeishi kwako, Bibi. Ipe jina."

Kikongwe alijifuta uso kwa pindo la kanga, akafikiri.

"Andika Mkono Baridi," alisema.

"Bibi, una hakika?"

"Andika hivyo hivyo. Kila mwenye kuipanda alitamke."

4

Rushenyi mche hauuzwi. Ukiomba unapewa, na deni lake ni moja tu: mkungu wa kwanza hurudi kwa aliyetoa. Siku hiyo Kokubanza alichimbua mche wa kwanza kwa jembe lake mwenyewe, akauvusha mferejini na kumwekea Bashange kwenye mikono iliyokuwa bado na harufu ya moshi wa migomba yake. Wa pili alipewa Rwekaza, aliyekuwa ameuliza kwa haya kama mama yake mzazi, wa kilima cha mbali, naye anaweza kuhesabiwa. Waliofuata Kemilembe aliwaandika kwa namba, shamba kwa shamba, na kila wiki alizunguka akisoma mashina.

Hakuwa amekosea. Mnyauko ulifika kwenye mipaka ya migomba mipya ukasimama, shamba baada ya shamba, na mwaka wa pili vinusio vya vilima kumi na kimoja vilikuwa vimefundishwa kuandika maneno mapya. Mwaka huo huo kilima cha kumi na mbili, kilichokuwa cheusi tangu enzi za Kaijage, kilipandwa upya. Kemilembe alikwenda huko peke yake asubuhi moja, akapanda mgomba mmoja pembeni mwa njia alikopita babake, akaushindilia udongo kwa kisigino. Hakusema kitu. Baba alikuwa amesubiri kwa huruma, yeye alikuwa amesubiri kwa sahani kumi na mbili na baraza. Hakujiona ana haki ya kumhukumu zaidi ya hapo.

Kisha mikungu ya kwanza ikaanza kuiva.

Walianza kupanda njia ya Kokubanza toka alfajiri ya Jumamosi, kila mtu na mkungu kichwani, na foleni ikapinda chini ya kilima hadi isionekane mwisho wake. Waliitua uani mpaka ua ukajaa, wakaitua njiani, wakaitua juu ya kuta. Kikongwe alisimama mlangoni akipokea, akiuliza kila mmoja kilima chake, na walipomjibu aliitikia kwa kichwa kama anayesikia majina ya wajukuu. Shambani, kinusio kilikuwa kikiandika bila kulia: MKONO BARIDI. MKONO BARIDI.

Bashange alifika karibu na mwisho, akitweta. Aliutua mkungu wake, akajinyoosha kiuno, akatazama ule mlima wa ndizi.

"Sasa mama," alisema, "hizi zote nani atazikanyaga?"

"Wewe," Kokubanza alisema. "Vua viatu."